Yai Nililomlisha Nasieku

Mimi ni mpishi wa Mjerumani mmoja karibu na boma la Arusha. Mwanangu mdogo, Nasieku, analelewa Moshono na mama mkwe wangu. Juzi nilipopewa ruhusa, nilimpelekea yai la kuchemsha, kwa jinsi nilivyomkumbuka.

Alilikataa. Nikadhani ananiona mgeni, nikambembeleza mpaka akalimaliza. Mara midomo ikavimba, vipele vikamjaa mwilini.

Mama mkwe akaja mbio kutoka shambani.

“Umempa nini?”

“Uji tu, mama,” nikadanganya, kiini cha yai kikiwa bado kidevuni mwa mtoto.

“Mayai humdhuru tangu aanze kula. Moshono nzima wanajua, isipokuwa wewe uliyemzaa.”

Jioni uvimbe ulishuka. Nikanyoosha mikono nimpakate. Akanipita, akajificha kwenye shuka la bibi yake, akimwita, “Mama.”