Gari Lililonyamazishwa

Kizuri chajiuza, husema watu ambao hawajawahi kuuza gari. Wilaiwan ameuza magari mjini Roi Et miaka mingi, na anajua kwamba hata kizuri kinahitaji mtu wa kukisemea, na tena mfuko wa zawadi. Mkulima wa mpunga hanunui pikapu mpya kwa ajili ya injini peke yake. Anataka mikeka ya miguuni, anataka mwavuli, anataka karatasi nyeusi ya vioo, na zaidi ya yote anataka aone muuzaji ameumia kidogo katika kumpa.

Kwao anaitwa Oi, yaani muwa, jina alilopachikwa na baba yake, Khamsing, kwa sababu alizaliwa mrefu na mwembamba. Khamsing mwenyewe alikuwa sauti ya kijiji. Kila alfajiri aliketi mbele ya kipaza sauti katika banda la mkuu wa kijiji, akatangaza nani kafiwa, nani kapotelewa na nyati wake wa kulimia, mbwa watachanjwa lini, na katikati ya habari akachomeka utani wake. Mkewe, Bualai, alikuwa akipika wali wa kunata jikoni huku akisikia mambo ya nyumba yake yakitangazwa mpaka ng'ambo ya mto. Sherehe ya kurusha maroketi ya kuombea mvua ikifika, vijiji vya jirani vilikuja kumwazima kama watu wanavyoazima sufuria kubwa.

Oi aliurithi mdomo ule, na ndio uliomlisha. Dukani kwao kulikuwa na runinga pana ukutani iliyoonyesha pikapu ikienda kasi na kujibamiza ukutani. Mbele hubondeka, vioo humwagika, mfuko wa hewa hufumuka, na sanamu lililoketi kwenye usukani huinama, likarudi kitini pake salama. Kisha zinatokea nyota tano. Oi alikuwa akisubiri nyota ya mwisho ndipo aanze kusema, na wateja walikuwa wakisaini.

Siku baba yake alipokuja kununua yake, alisimama mbele ya runinga ile, mikono mgongoni.

"Huo ukuta uko barabara gani?" aliuliza.

"Ni wa majaribio, Baba. Wanaligongesha makusudi."

"Maana kwetu sijauona. Kwetu kuna nyati, kuna walevi, kuna mjomba wako na kile kitrekta chake, pawatila. Mjomba wako wamemjaribu?"

Wateja waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Oi alijua wakicheka watanunua, kwa hiyo akamwachia uwanja.

"Nyota tano, Baba. Juu ya hapo hakuna."

"Na huyu bwana, mbona mpole hivi? Kafungwa mkanda kama mtoto wa mgongoni, wala halalamiki."

"Ndiyo maana anatoka mzima."

"Anatoka mzima kwa kuwa hana mke wa kumkera. Haya, lete karatasi nisaini."

Wakacheka wote, na Oi akacheka kuliko wote. Jambo lenyewe, kwamba mkanda ndio uliomtoa mzima, lilikuwa limesemwa pale pale, mchana kweupe, na baba mtu, na likapita kama utani.

Gari lilichukuliwa siku njema, ile aliyoichagua mtawa wa hekalu. Mtawa akalinyunyizia maji, akachora nukta nyeupe darini juu ya kichwa cha dereva, akafunga utepe kwenye usukani. Alipomaliza akasema, "Gari nimelibariki. Dereva nimemwachia mkewe." Bualai aliyashika maneno yale, na tangu siku hiyo kila mumewe akiwasha gari humfuata mpaka mlangoni: funga mkanda, Baba Oi, funga mkanda.

"Mkanda ni wa barabara kuu, penye polisi," Khamsing akamjibu. "Mimi naenda hapo bandani tu."

Ila gari nalo lilikuwa upande wa Bualai. Asipofunga, lilianza kulia, ti, ti, ti, na kadiri anavyokwenda ndivyo linavyozidi. Khamsing alilivumilia wiki chache. Kisha akalitangaza kwenye kipaza sauti, kwamba amenunua gari kumbe ameoa mke wa pili, na huyu wa pili hapumziki hata kula. Kijiji kikavunjika mbavu. Jioni akampigia simu binti yake.

"Oi, mwanangu, hii nyota yako moja inalia, inanitoboa masikio. Huna dawa yake?"

Dawa alikuwa nayo, droo nzima. Ni kile kidude cha chuma, ulimi wa mkanda usio na mkanda, ambacho mtu hukichomeka kwenye kishikizo na gari likadhani dereva amejifunga. Dukani walikiita kifunga mdomo, na kilitiwa ndani ya mfuko wa zawadi pamoja na mwavuli. Oi alikuwa amefundishwa, tena akafaulu, kwamba sehemu ya alama zilizoleta zile nyota ilitokana na mlio wenyewe. Asubuhi aliusifu mlio ule mbele ya mteja, na mchana akampa cha kuunyamazishia. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemkataza. Wateja walipenda, na yeye alipenda kupendwa.

Jumapili akampelekea baba yake. Alichagua chenye rangi ya dhahabu, kizuri kuliko vyote. Khamsing akakichomeka, akawasha gari, wakasikiliza pamoja.

"Kimya," alisema mzee, akamshika bega. "Hii ndiyo faida ya kusomesha mtoto."

Bualai alikuwa amesimama barazani. Hakusema neno.

Ajali ilitokea wakati wa mavuno, alfajiri ya ukungu, Khamsing akielekea bandani. Hakuwa na mbio, maana siku zote aliamini mwenda pole hajikwai. Tela la mpunga lilikuwa limezimikiwa na pawatila yake katikati ya njia, bila taa, na mwenyewe alikuwa ameinama chini akihangaika na mkanda wa injini. Khamsing aliliona ameshalifikia. Mwenye tela hakuguswa, na magunia yalitapakaa barabarani. Kijiji kilijua kuna jambo kwa sababu asubuhi ile spika zilikaa kimya.

Mtu wa bima alipokuja kulitazama gari, Oi ndiye aliyempeleka. Alikuwa kijana mtaratibu, akazunguka, akapiga picha, akafungua mlango wa dereva, na mlango ukafunguka bila taabu.

"Dada, gari hili limefanya kazi yake yote," alisema. "Tazama, chumba cha dereva hakikubonyea hata kidogo. Usukani uko mahali pake. Mfuko wa hewa ulifumuka."

"Sasa baba yangu kaumiaje?"

 Kijana aliinama ndani, akachomoa kidude cha rangi ya dhahabu kando ya kiti, akamwekea kiganjani.

"Mfuko wa hewa unamsubiri mtu aliyeshikwa na mkanda. Mzee alirushwa akaukuta njiani, ukampiga yeye. Hivi ninaviona karibu kila gari. Sijui watu wanavipata wapi."

Oi alikifumbata.  Alijuta, akaketi kwenye ngazi ya gari lile la nyota tano.

Watu walikuja kumpa pole mama yake, wakasema ajali haina kinga. Oi alisikia akiwa jikoni, akatamani kuwatoa nje mmoja mmoja. Kinga ilikuwepo. Ilifungwa kiwandani, ikajaribiwa, ikapewa nyota, ikamlilia baba yake kila asubuhi, na yeye ndiye aliyeiziba mdomo. Walipoondoka akamwambia mama yake yote.

"Nilikuona ukimpa," Bualai alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Nilidhani wewe uliyesomea magari unajua zaidi yangu. Nami najuta kunyamaza. Haya, nisogezee hilo beseni."

Khamsing, aliyeumia kichwani, alipona mwili. Anatembea, anakula vizuri, anamtambua kila mtu. Maneno ndiyo hayakurudi. Hufungua mdomo, macho yakachangamka kama zamani utani ulipokuwa njiani, kisha hakitoki kitu, naye akautazama mkono wake kama vile maneno yameangukia humo. Bandani sasa anatangaza kijana wa mkuu wa kijiji, anasoma habari moja kwa moja, na watu wanazisikia bila kucheka.

Oi hakuacha kazi. Aliimwaga droo yake, na wateja wakikosa kidude kwake wanakipata sokoni, kwenye meza za chaja na vifuniko vya simu. Runinga bado inaonyesha zile nyota, ila yeye huisimamisha kabla ya ukuta, akawaonyesha kifua cha sanamu. Huwaambia nyota hizi alipewa huyu, aliyejifunga, na asiyejifunga hakuna aliyemhesabia nyota. Wengine husikiliza. Wengine huuliza kama mwavuli bado upo.

Kila mwezi humpeleka baba yake hospitali kwa mazoezi ya kusema. Juzi walichelewa. Alimketisha, akamvutia mkanda, akaufunga na kuujaribu kwa kuuvuta mara mbili kama kawaida yake, kisha akazunguka mbio, akaingia, na gari lake kuukuu, la tangu enzi ambazo magari hayakulia, likaanza kutoka uani.

"Ti," alisema Khamsing.

Oi akageuka. Baba yake alikuwa anamtazama begani, pale ambapo mkanda ulipaswa kuwa.

"Ti," alisema tena, kwa nguvu zaidi, akapiga dashibodi kwa kiganja. "Ti. Ti. Ti. Ti."

Bualai akatoka mpaka barazani na mwiko mkononi kusikia sauti ile. Oi alishika breki katikati ya lango, akavuta mkanda wake, na kishikizo kikamkataa mara ya kwanza. Ulipoingia, baba yake akanyamaza, akaegemea kiti, wala hakutoa sauti nyingine mpaka hospitali.