Ngwe ya Mwenye Eda

Siku ile ziwani tulikuwa wanawake watano. Mama mkwe wangu, ndiye aliyetuita. Wifi zangu wawili, mkubwa na mdogo. Shangazi wa mume wangu, akikaa mbali kidogo, Jadida, lakini akilima kwetu. Na mimi, mke mpya, sijatimiza mwaka. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, ila wana wao wapo, siyaandiki. Wa sita hakuwepo. Alikuwa jirani yetu, kafiwa na mume, yumo ndani anakaa eda. Haya naandika kwa sababu yake.

Ilikuwa karibu na masika, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Ziwa letu dogo lilikuwa juu ya bonde la mpunga, maji yakishuka kwa mfereji. Gugu geni lililivamia, linaelea kama kabichi changa, maji huyaoni. Dawa yake ilikuwa mikono yetu. Tulilivuta kwa ngoe, fito zenye kulabu za kuchumia karafuu, tukalijaza mapakachani, tukalipandisha mlimani kulianika mizizi juu, likikauka lichomwe. Mama mkwe hakuwa na mchezo: "Msiniachie hata kijipande. Kimoja kikibaki, kesho kina wajukuu."

Kazi ilikuwa ya kikoa, ya kusaidiana, kila mtu na ngwe yake, kipande alichopimiwa. Ngwe ya mwenye eda nikapewa mimi, juu ya yangu.

"Mpeni, mke mpya ana nguvu," akasema wifi mkubwa.

"Nguvu za kula!" akadakia wifi mdogo. Wakacheka.

Nikataka kuwaonyesha. Ngwe yangu niliipandisha yote. Ya jirani, mgongo umeshaniuma, nikangoja wenzangu wawe mlimani wanaanika, nikalisukuma gugu kwa ngoe mpaka mferejini, likaenda na maji. Nikamaliza wa kwanza. Mama mkwe akawaambia wanawe, "Mmeona? Huyu ndiye mwanangu." Nilifurahi, sisemi uongo.

Konde la kwanza chini ya mfereji lilikuwa la yule jirani. Nilijua. Sikutaka kulifikiria tu.

Mpunga wake tulimpandia sisi. Masika yalipokolea, gugu lilikuwa limezaana na kuziba njia ya maji kondeni kwake. Maji yakatuama, miche ikaoza. Tulilivuta siku mbili, tukawa tumechelewa.

"Limepita wapi hili?" mama mkwe akauliza.

"Mvua hiyo, wifi yangu," akasema shangazi. Nami nikaendelea kuvuta.

Eda ilipokwisha, jirani akashuka kuliona konde lake. Alikuwa na watoto watatu, na mchele wao ulikuwa ule. Aliporudi akapitia kwetu, akanishika mkono.

"Nimeambiwa ngwe yangu ulinifanyia wewe, mwanangu. Mungu akulipe."

Nikaitikia amin.

Mwaka ule kila nyumba ilimpa kidogo katika mavuno yake. Cha kwetu nilipeleka mimi, akanishukuru tena. Amekufa sijamwambia.

Huenda nimechanganya. Pengine wifi mdogo alikuja mchana, pengine watoto walikuwa wanne. Anayekumbuka zaidi yangu anisahihishe. Na kama yupo aliyemsikia marehemu akisema kwamba alijua, basi aje aniambie, hata kama hakunisamehe.