Mipira Kumi na Minne Chini ya Ngazi

Kama umewahi kusimuliwa, kwenye harusi au msiba wowote wa Watanzania wa London kusini, habari za mwanamke aliyeingia uwanjani na begi akaharibu mechi ya kombe, usihangaike kuuliza alikuwa nani. Ni mimi, Mama Neema, na naandika mwenyewe kwa sababu wanaosimulia wanaongeza chumvi (kuna mmoja anasema niliingia na kanga moja, muongo mkubwa yule, nilikuwa nimevaa suruali ya kulalia na koti la mume wangu, ambayo nakubali si afadhali sana).

Wakati ule, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tulikuwa tunakaa upande wa Croydon, flati ya chini yenye kibustani cha kutandika mkeka mmoja, na nyuma ya uzio wetu wa mbao, hatua kumi tu, ndipo lilipokuwa goli la timu ya mtaa. Si timu unayoijua. Timu unazozijua zinaonyeshwa kwenye televisheni, hii ilikuwa huko chini, madaraja sijui mangapi, wachezaji wake ni mafundi bomba na walimu na dereva wa tramu, wiki nzima wako kazini halafu Jumamosi wanakuja kugombana kwenye tope. Mume wangu, aliyekuja Uingereza akiota kukaa kwenye viwanja vikubwa, aliishia hapo, na akaipenda ile timu kama mtu anavyopenda mtoto mgonjwa.

Jioni akila ananihadithia historia yake kana kwamba nimeuliza. Kwamba ilianzishwa na wachoma tofali wa tanuri lililokuwa hapo zamani, ndiyo maana jezi zao zina rangi ya tofali. Kwamba enzi za babu zao uwanja ulikuwa unajaa hadi watu wanapanda miti, halafu dhoruba ikang'oa paa la jukwaa, wakashuka daraja, wakashuka tena, wakakaribia kufungwa kabisa, wakaokolewa na watu wa kujitolea, mmoja anakata majani, mwingine anafua jezi nyumbani kwake. Na kwamba katika miaka yote hiyo mara moja tu, moja, walifika raundi ya kwanza ya kombe kubwa la nchi, pale ambapo timu ndogo zinaanza kukutanishwa na timu za watu wanaolipwa mshahara. Mimi nafua nepi, namsikiliza.

Kipa wao ndiye aliyekuwa mtu wetu wa posta. Anaitwa Kevin, mrefu, anakaribia arobaini, magoti yanalia akipanda ngazi za jirani wa juu, na barua zote za mama yangu kutoka Morogoro zilipita mikononi mwake. Baba Neema aliniambia kwamba Kevin amedaka pale tangu ujana na huu ndio msimu wake wa mwisho, magoti yamekataa, na kitu kimoja tu anachokitaka duniani ni kucheza hiyo raundi ya kwanza kabla hajatundika glavu.

Sasa mimi. Nilikuwa natunza wazee, naingia zamu alfajiri, na nyumbani nina Neema wa miaka minne na Daudi wa miezi minane ambaye alikuwa analala mchana mara moja tu kwa siku, na Jumamosi saa yake ya kulala ndiyo saa yao ya mpira. Mpira wa kwanza kuanguka kwetu ulitua kwenye kamba ya nguo, juu ya sare yangu nyeupe ya kazini, na tope lake. Nikavaa viatu, nikaenda hadi getini kwao kushtaki. Mzee wa getini, ambaye kumbe ndiye mwenyekiti, akacheka kwa upole, akanipa chai kwenye kikombe cha karatasi na tiketi mbili za bure. Nimekwenda kushtaki nimerudi na tiketi, na Baba Neema akafurahi. Wiki mbili baadaye ukaanguka mwingine, shubiri moja kutoka kwenye kigari alimolala Daudi, shubiri moja, na huo sikuurudisha. Niliufungia kwenye kabati la chini ya ngazi. Nilitumia muda wa kufungua mlango na kuufunga, basi, hakuna kikao kilichokaa.

(Kwetu Morogoro kulikuwa na mama mmoja mtaani, mpira ukiingia uani kwake anautoa umechanwa kwa kisu, tukamchukia utoto wetu wote. Mimi sikuchana. Nilijiona mstaarabu.)

Mpira ukifuatana na mpira, msimu ule ukaisha, ukaanza mwingine, nikawa na kumi na miwili ndani ya lile begi kubwa la nailoni la miraba ambalo sote tumesafiri nalo. Wakija kuuliza mlangoni nasema sijauona. Baba Neema nilimwambia ni mizigo ya kutuma nyumbani, na kwa kweli nilishaanza kujidanganya kwamba nitaituma, kwa kaka yangu anayefundisha shule ya msingi, wanafunzi wake wanapiga mpira wa makaratasi. Unaona jinsi wizi unavyogeuka sadaka ukiupa muda.

Basi mwezi wa kumi, timu ikafanya maajabu. Ilishinda, ikashinda tena, ikabaki mechi moja, nyumbani, ukishinda hiyo umeingia raundi ya kwanza. Jumamosi hiyo watu walijaa hadi wengine wakasimama juu ya mapipa ya taka ya halmashauri. Mimi nilikuwa sijalala siku mbili, Daudi anaota meno. Saa tisa na robo akalala. Saa tisa na ishirini mpira ukagonga dirisha la jikoni, akaamka, nikautia begini bila hata kuufuta. Saa kumi na dakika kadhaa, amelala tena juu ya bega langu, mwingine ukagonga palepale. Wa kumi na nne.

Nilichokuwa sijui ni kwamba timu ile, kwa sababu ya jirani mwizi, ilikuwa imefika siku kubwa kuliko zote ikiwa na mipira mitatu. Miwili ilikuwa kwangu na wa tatu ulikuwa umepigwa hadi kwenye reli za tramu. Matokeo ni moja kwa moja, dakika chache zimebaki, na mechi ya kombe imesimama kwa kukosa mpira. Nikasikia kipaza sauti kinasema, kwa adabu zote za Waingereza, kwamba jirani yeyote aliyeangukiwa na mpira anaombwa sana aurudishe.

Mlango ukagongwa. Ni mwenyekiti, anahema, na nyuma yake Baba Neema na skafu yake ya rangi ya tofali.

"Samahani mama," akasema mwenyekiti, "mpira wetu umeingia kwako?"

"Hapa hakuna mpira," nikasema.

Neema akatokea chini ya mkono wangu. Mtoto wangu Kiswahili anakielewa chote lakini hajibu ila kwa Kiingereza, na siku hiyo Kiingereza chake kilikuwa kama cha mtangazaji wa habari. Akamwambia yule mzee kwamba mama anayo, mingi sana, inalala chini ya ngazi, na ule wenye nyota ni wake.

Baba Neema akanitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Mizigo ya Morogoro," akasema polepole. "Mama Neema, lile begi nililisukuma mimi mwenyewe kwa mguu ili mlango ufunge."

"Ulilisukuma kwa sababu Jumamosi hukai nyumbani ukajua kilichomo."

Mtu mwenye akili hapo angetoa mpira mmoja, akafunga mlango, akalia chooni. Mimi aibu ikinipata inatoka kama hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamtupia Baba Neema mtoto, nikavuta lile begi, nikasema mnataka mipira, mtapata mipira. Mwenyekiti akanifuata nyuma akisema, "Mama, mmoja unatosha. Mama, mmoja tu unatosha," na mimi niko njiani tayari, nakwenda kwenye kigeti kidogo cha nyuma ya goli anachopitia mkata majani, begi linanipiga magotini.

Nyuma ya goli pale kuna tuta ambalo mashabiki wanasimama. Nikapanda. Naona migongo ya watu tu, sioni uwanja, na hakuna aliyeniambia kwamba dakika mbili zilizopita mtu amekumbuka mpira wa mwanawe kwenye buti la gari lake na mechi inaendelea. Na si kuendelea tu, timu yetu ilikuwa inapiga kona, upande huohuo niliosimama, ya mwisho kabisa, na kila mchezaji alikuwa amekwenda mbele, hadi Kevin, ameacha goli lake tupu huko mwisho wa dunia na amekuja kusimama na magoti yake mabovu katikati ya mabeki.

Nikajipenyeza hadi juu ya tuta, nikainua begi juu nimtupie mtu yeyote atakayenitazama, na zipu ikaachia.

Mipira kumi na minne haishuki kwenye tuta kwa mpangilio. Ilipita kati ya miguu ya watu, ikapita chini ya bomba la uzio, ikaingia ndani ya eneo la penalti wakati kona iko hewani. Nikasikia filimbi. Wengine wanasema hawakuisikia. Kevin aliruka, juu ya watu wote, yule mtu wangu wa posta, akapiga kichwa, mpira ukaingia wavuni. Wakati huohuo beki mmoja wa wageni, maskini ya Mungu, akaona mpira miguuni pake, akauondosha kwa nguvu zake zote, ukaingia wavuni kwake mwenyewe, nao haukuwa mpira wa mechi.

Uwanja ulilipuka. Walimlalia Kevin watu kumi, mapipa yakaanguka, wazee wakakumbatiana. Refa alikuwa amesimama katikati ya ile mipira, mkono juu, anatikisa kichwa. Alikuwa amepuliza kabla. Mpira wa pili ukiingia na kuvuruga mchezo, mchezo unasimama na kila kitu kinaanza upya, hiyo ni sheria, na hapa haukuwa wa pili, ulikuwa wa kumi na tano. Goli hakuna. Watu walinyamaza kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma, na kadiri walivyokuwa wananyamaza ndivyo walivyokuwa wanageuka, na mimi niko juu ya tuta na begi tupu.

"Mama Neema." Ni Kasongo, rafiki wa mume wangu, mtu wa Bukavu, Kongo, anayefanya usafi kwenye maofisi ya pale Croydon. "Sema kweli, ni bale bengine njo balikutuma?" (Yaani, kwa Kiswahili cha kwao, wale wageni ndio walionituma?)

"Shemeji ni kamati ya ufundi," Mtanzania mmoja akadakia. "Angalia, kaimwaga golini kabisa. Hii haijafanywa na mtu wa kawaida." (Waingereza waliokuwa karibu hawakuelewa kwamba natuhumiwa uchawi, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana uchawi tu ndio ulikuwa umebaki.)

Na kipaza sauti, sauti ileile ya adabu: "Tunamshukuru jirani yetu kwa kurudisha mipira." Hapo ndipo uwanja mzima uliponicheka.

Nikashuka kuiokota, ningefanya nini. Kevin akaja. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa nimestahili. Akainama kwa shida, akaokota mmoja, akaugeuza.

"Huu ni wa Februari," akasema. "Nilikuwa nauulizia huu." Akautia begini, akarudi golini kwake.

Mechi ikaisha sare, moja kwa moja. Wakarudiana Jumanne, ugenini, mvua inanyesha, wakafungwa matatu bila. Raundi ya kwanza wakaisikia redioni, na msimu ulipoisha Kevin akatundika glavu kama alivyosema. Baba Neema hakunisemesha siku nne, na mtu ambaye huwa hanyamazi akinyamaza, nyumba inakuwa kubwa.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa barua. Kila asubuhi niko nyuma ya pazia, nasubiri kibao cha tundu la barua mlangoni kigonge, nasubiri magoti yale yaondoke. Nilifanya hivyo miezi, mwanamke mzima. Hadi siku ilipokuja barua ya kusainiwa, Kevin akagonga, na Neema (nani mwingine) akafungua mlango.

Nikasaini. Nikamwambia nisamehe, nimekutia hasara ambayo siwezi kuirudisha. Akachomeka kalamu mfukoni.

"Nimecheza miaka ishirini," akasema, "sijawahi kufunga goli hata moja. Wewe ulikuwa juu ya tuta, hakuna aliyeona vizuri kama wewe. Kile kichwa changu, kingekuwa goli hata bila ile mipira?"

"Lingekuwa goli," nikamwambia. "Kipa wao alikuwa hata hajaruka. Ni goli safi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kitu cha kwake, akaenda na mfuko wake kwa jirani.

Ukweli wa Mungu, sikuona kitu. Nilikuwa naangalia zipu. Ilikuwa mara nyingine tena namdanganya mtu wa timu ile mlangoni kwangu, na hii peke yake sijaijutia.

Tangu hapo mpira ukianguka uani nilikuwa naurudisha kabla haujatulia. Uwe umevunja sahani, uwe umelala juu ya sare, Daudi awe ndiyo kwanza amefumba macho, haidhuru, natukana kwa Kiluguru huku naurusha.