Aliyeunawa Mpira Migwani

Mwanangu, ipo siku moja ya soko hapa Mbumbuni ambayo nikiikumbuka huona haya kwanza, halafu nashukuru. Ilinijia tena juzi nilipowapata wewe na wenzako pale kwenye duka la kuchaji simu, mkibishana ni nani mchezaji bora kuwahi kuvaa jezi ya Nyuki. Mlinisalimia vizuri, mkanipa kiti, kisha mkaniuliza, "Babu, wewe umeangalia hii timu kutoka kitambo. Tuambie wewe." Nikawaambia nitajibu siku nyingine, nikachukua fimbo yangu nikaenda.

Sikuwa nawakwepa. Nilikuwa nimemsikia mmoja wenu akisema kuhusu mchezaji fulani kwamba alikuwa takataka, na dada ya mchezaji huyo alikuwa amekaa hapo ng'ambo ya barabara akiuza sukumawiki. Alisikia. Niliona vile aliinama akaanza kupanga mafungu ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Ndiyo maana nimekuita leo tukae, kwa sababu mimi pia niliwahi kusema neno kama hilo, na kama nisingekosolewa na kurudiwa na mtu mzima, sijui ningekuwa mtu wa namna gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa shule ya msingi, bado sijamwoa nyanya yako. Wakati huo mwalimu alikuwa mtu mkubwa hapa, na mimi nilijiona mkubwa kuliko nilivyokuwa. Kwa kuwa niliandika vizuri na kusema vizuri, mashabiki wa Nyuki walinifanya katibu wao. Mwaka huo tulikuwa tumeamua kuanzisha kombe la watoto, lichezwe kila Agosti wakati wa likizo, na tulipatie jina la mchezaji bora wa timu yetu tangu ianze. Tulibishana wiki nyingi. Mwishowe yakabaki majina mawili, Kilonzo na Mbithi, na uamuzi ulikuwa ufanywe Jumamosi uwanjani.

Kilonzo alikuwa straika. Mguu wake wa kushoto, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Alikuwa anapokea mpira kama mtu anayepokea mtoto, halafu unashangaa kipa ameanguka upande ule mwingine. Alitoka hapa akaenda kuchezea timu kubwa ya Nairobi, na tulikuwa tunamsikiliza kwenye redio tukijisikia kama tumeenda sisi wote. Alipostaafu alirudi kwao kule juu Mbooni akawa analima kahawa na parachichi.

Mbithi alikuwa seremala hapa sokoni, na alikuwa beki, namba tano. Alichezea Nyuki miaka kumi na minne. Pua yake ilivunjika mara mbili na goli sikumbuki akifunga hata moja. Wazee walimpenda, lakini kila akitajwa, mtu hakukosa kukohoa na kusema, "Na Migwani?" Kwa maana Nyuki iliwahi kufika fainali moja tu kubwa, ikachezwa Migwani, na tukafungwa kwa penalti dakika za mwisho. Aliyeunawa mpira kwenye kisanduku alikuwa Mbithi. Mimi sikuiona hiyo mechi. Nilikuwa shule ya bweni. Lakini niliisimulia kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya goli.

Sasa, Mbithi alikuwa na mtoto wake wa kwanza anaitwa Nzioka, fundi wa mawe, na huyo alikuwa rafiki yangu. Tulikalia dawati moja tangu darasa la kwanza mpaka shule ya bweni. Siku hiyo ya soko tulikutana kwenye kibanda cha fundi wa viatu. Watu walikuwa wengi, na ubishi wa Kilonzo na Mbithi ukaanza. Nzioka hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Mtu amesimama pale nyuma miaka kumi na minne. Hiyo si kitu?"

Ningeweza kumwacha aseme. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi, wakingoja mwalimu ajibu, na mimi nilipenda kutazamwa.

"Hiyo miaka kumi na minne alikuwa analinda nini?" nikasema. "Mwite baba yako aje atuonyeshe kombe. Mtu alituuza Migwani, halafu mnataka watoto wetu wachezee jina lake."

Watu walicheka sana. Nzioka alimwomba fundi kiatu chake, kikiwa bado soli inaning'inia, akakivaa hivyo hivyo akaondoka. Na hapa ndipo haya zangu zilipo, kwa sababu nilijua kitu ambacho wengine waliocheka huenda hawakukikumbuka. Mbithi alikuwa ameanguka mwezi uliotangulia, na upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umelegea. Hakuweza kuja popote hata angeitwa. Nilijua, na nilisema.

Unafikiri nilijuta siku hiyo? Hapana. Nilienda nyumbani nikiwaza vile nitamaliza huo ubishi kabisa. Nikaamua kupanda Mbooni, nimwambie Kilonzo ashuke Jumamosi apokee heshima yake mbele ya watu. Nilijua akisimama pale, hakuna atakayelitaja jina lingine.

Jumatatu asubuhi, shule ikiwa imefungwa, nikaanza safari. Hizo bodaboda mnazopanda sasa mpaka mlangoni hazikuwepo. Nilipanda ile njia ya miguu mpaka shati likanishika mgongoni, nikamkuta Kilonzo kwenye kahawa yake, amefunga gunia kiunoni, anachuma. Alinipokea kama mtoto wake. Tukaenda nyumbani, mke wake akatuletea muthokoi wa moto, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na mimi nikamweleza habari za kombe. Alifurahi, hakuficha. Akaniuliza kama watu wote wamekubali.

"Kuna kelele kidogo za watu wa Mbithi," nikamwambia, "lakini niliwanyamazisha."

"Uliwanyamazisha vipi?"

Nikamwambia. Niliyarudia yale maneno yote, na nilitabasamu nikiyasema. Kilonzo aliweka sahani yake chini. Mke wake akatoka jikoni kuangalia kama kuna shida.

"Mwalimu," akasema, "ule mpira niliunawa mimi."

Nikafikiri ananitania.

"Ilikuwa kona," akaendelea. "Nilikuwa nimerudi nyuma kusaidia. Mpira ukashuka, nikaruka vibaya, ukanigonga mkono huu hapa. Refa alikuwa amefichwa na watu, aliona tu mkono na jezi ya manjano. Akaja akiuliza ni nani. Mimi nilikuwa na kadi tayari, na ningepewa nyingine ningetoka nje. Na pale pembeni walikuwa wamekaa wale wageni wawili wa timu ya Nairobi waliokuja kuniona nikicheza. Mbithi alikuwa anajua hayo yote. Akaniangalia, halafu akainua mkono wake akasema, 'Refa, ni mimi.'"

Nikautazama ule mkono aliokuwa amenionyesha.

"Wiki iliyofuata niliitwa Nairobi. Hii nyumba, hii kahawa, shule ya watoto wangu, vyote vimetoka hapo. Na yeye akarudi Mbumbuni kuitwa msaliti."

"Na mbona hukusema, mzee?"

"Mwanzoni alinikataza. Aliniambia nikisema, wale wageni watasikia. Baadaye hakunikataza tena, ni mimi. Kila Krismasi nikija nilisema nitaongea, na kila Krismasi watu walinibeba juu. Nilizoea kupigiwa makofi, mwalimu. Ukishazoea, ni ngumu kusimama ukawaambia watu waache." Halafu akaniangalia kwa macho makavu. "Na wewe, ulikuwepo Migwani?"

"Hapana. Nilikuwa shule."

"Basi ulikuwa unatoa ushahidi wa nini?"

Hakupaza sauti. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Mwanangu, mimi nimechapwa shuleni na nimechapwa nyumbani, lakini hakuna fimbo iliyowahi kuniingia kama lile swali. Kisha akasema, "Mimi nimemkosea kwa kunyamaza, na wewe umemkosea kwa kusema. Maliza chakula twende."

Tulishuka mlima siku hiyo hiyo, yeye mbele, mimi nyuma. Tulifika kwa Mbithi alasiri. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, blanketi magotini, na Nzioka alikuwa anamnyoa ndevu. Nzioka aliponiona alisimama, wembe mkononi, akakunja uso. Kilonzo alipita akaenda akakaa chini, kwenye mchanga, karibu na miguu ya Mbithi.

"Mbithi, nimekuja kusema ile kitu," akasema.

Mbithi alicheka na upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado na nguvu. Maneno yake yalitoka moja moja. "Umechelewa. Lakini karibu."

Hapo Kilonzo akamsimulia Nzioka yote. Nzioka hakuwa anajua. Hata mama yake hakuwa anajua. Mbithi hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani kwake, na huyu mtoto alikuwa amepigana shuleni mara ngapi sijui kwa sababu ya hiyo penalti, na mara nyingine mimi ndiye nilikuwa nimeshika vitabu vyake akipigana. Aliposikia, aliweka wembe chini akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta analia.

"Nzioka, nilikukosea," nikamwambia. "Nilikukosea wewe na baba yako."

Alijipangusa uso. "Ungenitukana mimi, ningenyamaza tukaendelea," akasema. "Lakini ulimgusa mzee akiwa hawezi hata kusimama."

"Najua."

"Ulijua hata siku hiyo."

"Nilijua."

Hakuniambia amenisamehe. Alisema tu, "Jumamosi uje mapema. Hicho kiti ni kizito, siwezi kumbeba pekee yangu."

Basi Jumamosi tukambeba Mbithi mpaka uwanjani, mimi huku, Nzioka kule, tukipumzika njiani kila mara. Watu walifikiri Kilonzo amekuja kupokea jina. Alisimama mbele yao akawaeleza habari ya Migwani tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kujipunguzia kosa. Mimi nikasimama baada yake, nikasema yale niliyosema kwenye kibanda cha fundi wa viatu hayakuwa kweli, na hata kama yangekuwa kweli hayakuwa ya kusemwa. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amemwamkua Mbithi, alivua kofia, akaenda akamshika mkono. Akaenda mwingine. Ikawa mstari kama ule wa kanisani siku ya sadaka, na Mbithi akimpa kila mtu ule mkono wake mzima.

Tulipotaka kuliita kombe jina lake, alikataa. "Mimi nilimdanganya refa," akasema. "Msifundishe watoto hivyo." Watu wakacheka mpaka wakalia. Ndiyo sababu kombe mlilochezea nyinyi nyote halina jina la mtu. Linaitwa Kombe la Nyuki tu.

Mbithi aliishi miaka mingine miwili na kidogo, na kiti chake hakikukosa mgeni. Kilonzo alikuwa anashuka na parachichi, wanakaa wanabishana mambo ya zamani. Mbithi alipofariki, alizikwa na watu wengi kuliko nafasi ya boma. Na Nzioka, taratibu, alirudi kuwa rafiki yangu. Haikuwa kwa siku moja. Alikuja kusimama nami siku ya harusi yangu, na mpaka leo tunasalimiana kila Jumapili tukitoka kanisani.

Mliniuliza swali na sipendi kumnyima kijana jibu. Kwa kujua mpira, ni Kilonzo. Sijabadilisha mawazo, na Mbithi mwenyewe alikuwa anasema hivyo. Lakini siku hizi nikiketi nikiwaza, simshukuru Kilonzo kwa magoli. Namshukuru kwa sababu alikuwa na heshima yake mkononi, mimi ndiye nilikuwa namletea, naye akaiweka chini mbele yangu ili mtu mwingine apate yake. Angeweza kula muthokoi wake akanyamaza. Ningerudi Mbumbuni nikiwa yule yule, na rafiki yangu ningempoteza.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kubishana, timu isiyobishaniwa imeshakufa. Msifu mchezaji wako mpaka sauti ikauke. Lakini msifu kwa alichofanya yeye, usimjengee jukwaa juu ya mgongo wa mwingine. Jambo usiloliona kwa macho yako, sema hukuliona. Kabla ya kumwita mtu takataka, geuza shingo uangalie ni nani amekaa karibu, maana kila mchezaji ana mama na dada na mtoto, na wao hawachezi ila wanaumia. Ukikosa, nenda mwenyewe ukaseme umekosa, hata kama hutasamehewa siku hiyo. Na ikiwa kuna mtu aliwahi kubeba lawama yako, usingoje Krismasi. Mwambie asante angali anasikia, na uwaambie watu pia. Kesho pitia kwa yule dada wa sukumawiki, umsalimie kwa jina.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe miguu mizuri na mdomo mzuri zaidi. Akupe watu wazima wasioogopa kukurudi, na moyo wa kuwapenda baada ya kukurudi. Ukienda kwenye makofi akurudishe nyumbani ukiwa mtu, na wazao wako wakitajiwa jina lako mahali, wainue vichwa. Haya, nenda salama.