Pua ya Mbwa wa Mama

Dada yangu alipohamia nje ya nchi, mbwa wake wa mjini, mwenye uso bapa, aliletwa kwa mama, kijijini Iguguno. Jirani alimtazama kwa muda, akauliza, "Jamani, huyu aligonga ukuta?" Mama alicheka, lakini baada ya hapo hakutaka mtu mwingine amcheke.

Mbwa huyo alikoroma hata akiwa macho. Akitoka mlangoni kwenda kwenye turubai la kuanikia alizeti, alihema kama aliyepanda mlima. Mama akaona mwili wake umeishiwa nguvu, akamtibu kama anavyomtibu ng'ombe aliyedhoofu: akawa anamchanganyia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, kwenye uji, asubuhi na jioni. Mbwa alinenepa kweli. Pumzi nayo ikazidi kumwishia. Tulipokuwa tunapiga alizeti kutoa mbegu, jua likiwa kali, alianguka kando yetu, ulimi umegeuka zambarau. Tulimmwagia maji mpaka akazinduka.

Daktari wa mifugo wa kwetu alituelekeza Arusha, kwa mwenzake anayepasua mbwa. Huyo alimwamkia mama, akatueleza taratibu. Mbwa wa aina hii uso wao ni mfupi, lakini nyama za ndani hazikupungua. Matundu ya pua ni membamba, na kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, ni refu mno, linaziba njia ya hewa. Alisema atapanua matundu na kupunguza kaakaa. Unene, akaongeza, hubana njia hiyo zaidi.

"Kumbe nilikuwa namkaba mwenyewe," mama akasema.

"Ulikuwa unampenda, mama," daktari akamjibu. " Sasa tumsaidie apumue."

Kilichotutisha ni kuamka kwake baada ya upasuaji. Mbwa kama huyu anaweza kushindwa kupumua dawa ya usingizi inapoisha, ndiyo maana mpira wa kupitishia hewa huachwa kooni mpaka aanze kuutafuna. Mama alikaa sakafuni karibu naye, akimwita kwa Kinyiramba, lugha anayotubembelezea sisi watoto wake.

Mbwa akaanza kuutafuna mpira. Daktari akautoa.

Kifua kikapanda, kikashuka, kikakawia, kikapanda tena. Kisha mdomo ukajifunga wenyewe, na hewa ikawa inapita puani, polepole.

Mama aliinama akamtazama kwa karibu.

"Hebu ona," akaninong'oneza. "Kumbe akifunga mdomo ana sura nzuri."