Mkebe Ulioitwa Bikoni

Ujumbe uliingia Zakaria akiwa ameinamia simu ya mtu, kioo kimetolewa, skrubu zimetawanyika juu ya gazeti. Ulitoka kwa injinia mmoja wa Nairobi aliyekuwa akipita Garsen kwa kazi za barabara, mtu asiyejuana naye ila kwa mchezo. Alisema amekwenda kuutafuta mkebe wa Zakaria kule karibu na Hewani na ameuona bila taabu, ila hakuugusa. Umezungushiwa miiba, na pembeni wamekaa wazee wanaoulinda. Wamemwambia kwamba bikoni ya serikali, alama ya wapima ardhi, haiguswi na mpita njia.

Zakaria aliusoma mara ya pili, akaweka bisibisi chini. Hakushtuka, alichoka. Upo uchovu wa kazi, huo mtu hulala ukaisha. Huu ulikuwa wa mtu ambaye kila akijitengenezea kajambo kake kadogo ka kujifurahisha, watu wanakuja kukakalia.

Na tuseme kweli, mchezo wenyewe hauelezeki kwa mtu mwenye njaa. Unaficha mkebe mahali, unaweka namba za mahali pale kwenye mtandao, halafu mtu usiyemjua anakuja na simu yake kuutafuta. Akiupata anaandika jina lake kwenye karatasi iliyo ndani, anachukua kikorokoro kimoja na kuacha kingine, anaurudisha ulipokuwa, anakwenda zake. Basi. Hakuna zawadi wala mshindi. Zakaria aliambukizwa na mtafiti mmoja wa nyani wa msitu wa Hewani, dada aliyemletea kifaa chake cha kuonyesha njia kilichoingia maji. Alipokipokea kizima alimchukua fundi wake msituni wakakijaribu pamoja, na kifaa kikawafikisha kwenye tundu la mti lenye kikopo ndani. Mtafiti alimaliza kazi akarudi kwao. Ugonjwa akamwachia Zakaria.

Tangu hapo Garsen nzima ilimwita Zakaria Mikebe. Angeweza kuvumilia jina. Kilichomchosha ni mengine. Mikebe ya wenzake iliyo karibu iko Malindi na Watamu, kwa hiyo kutafuta kwake kulikuwa kwa nadra na kwa nauli. Ya kwake mwenyewe ilimtaka aitembelee, maana sheria ya mchezo ni kwamba aliyeficha ndiye atunzaye. Mto ukifurika, aende. Nyani wakiufungua mmoja na kula kifutio, aende. Kule Tarasaa alitimuliwa na kina mama waliomdhani dalali wa mashamba, na hakuwalaumu. Watu wa Tana wameyaona: wa kwanza huja na kifaa, wa pili huja na ramani, wa tatu huja na trekta. Na baada ya jasho lote hilo, wageni waliowahi kuandika majina yao kwenye mikebe yake ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Muna, mkewe, hakuwahi kumkataza. Alimuuliza siku moja tu, akipepeta mchele, mtu anayetafuta kitu alichokificha mwenyewe wamwiteje. Zakaria akasema wanaotafuta ni watu wengine. Muna akatazama mlangoni, kisha akatazama dirishani, kisha akaendelea kupepeta.

Lakini alikuwa akiupenda, ndugu msomaji, na mapenzi hayaombwi sababu. Kutwa alishinda ndani ya simu za watu, kwenye nyufa zao na betri zao zilizovimba. Akitoka na namba zake akaingia porini, kwa muda ule hakuna aliyemdai kitu chochote. Alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine wa Garsen alijuaye, kwamba nyuma ya panda la mkoma fulani, mti wa jamii ya mnazi, pana mkebe wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Hilo lilimtosha.

Kesho yake alifunga kibanda, akapanda bodaboda hadi Hewani, kisha akaenda kwa miguu. Goti lilikuwa likimsumbua tangu mafuriko. Mkebe ule aliufunga kwa waya kwenye mkoma ulio kando ya malka, ile njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni katikati ya mashamba. Yeye ni Muorma, watu wa ng'ombe, na mashamba ni ya Wapokomo, na malka ndiyo iliyowafanya watu hawa wawili waishi bila kushikana mashati kila kiangazi. Sasa malka haikuonekana. Mafuriko yalikuwa yamefuta kila kitu, yakaacha tope jeusi zuri, na kwenye tope zuri mkulima hupanda. Kila upande ulikuwa na mahindi na migomba michanga.

Chini ya mkoma alimkuta Mzee Wario, baba yake mdogo, amekaa na wenzake kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alimweleza habari yote bila kuulizwa. Watoto waliokuwa wakiangua makoma ndio waliouona mkebe. Maandishi ya kwenye mfuniko yalikuwa yamekwisha kuliwa na jua, zimebaki namba tu, nyeupe, ndefu, za kiserikali kabisa. Hakuna aliyethubutu kuufungua. Wengine walisema ni fingo, dawa iliyozikwa ilinde mahali, lakini kijana mmoja aliyesoma akaziingiza zile namba kwenye simu. Na simu, wallahi, ikawazungusha ikawaleta mpaka miguuni pa mkoma ule ule. Mzee alipofika hapo macho yalimng'aa. Setilaiti huko juu inajua mahali hapa, alisema. Nani ataweka namba porini kama si serikali, na serikali itapima nini hapa kama si malka? Kwa hiyo njia inapita hapa kwenye mkoma, kulia kwake, kwenye ile migomba, na chifu ameitisha baraza.

Zakaria aliutazama uso wa mzee, akainama kulisugua goti.

"Na wewe ndiye utakayesimama kusoma zile namba," Mzee Wario alimwambia. "Unajua simu kuliko wao. Kiangazi hiki ng'ombe wasipofika majini hapa, watakufa njiani wakizunguka."

Alirudi nyumbani akiwa hoi. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha mkebe. Muna alipomsikiliza mpaka mwisho hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikomtisha. Alisema mumewe akinyamaza, ng'ombe wa ukoo watakunywa maji. Akisema, ukoo hautamwelewa. Kisha akamuuliza, wewe ulipokuwa mtoto njia ilipita wapi? Zakaria alifikiri sana. Alikumbuka vumbi, na mkia wa ng'ombe aliyekuwa mbele yake. Mahali penyewe hakupakumbuka.

Siku moja kabla ya baraza alikuja kibandani Dinah, mwenye ile migomba. Ni mjane wa Kipokomo, mteja wake wa siku nyingi, na simu yake haikuwa na ubovu wowote. Alikaa kwenye benchi akasubiri wengine waondoke. Hakujua mkebe ni wa nani. Alimwambia kwamba shamba lake la kwanza lilikwenda na mto, lote, hata mahali pa kusimama hapakubaki, na hii migomba ndiyo aliyoanzia upya.

"Baba Nuriya, wewe na simu mnajuana," alisema. "Hicho kitu kinasema kweli?"

Zakaria aliinamia kazi yake. Alijibu kwamba simu haiwezi kusema uongo, inasema iliyoambiwa. Hilo nalo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Dinah alishukuru, akajifunga leso vizuri, akaondoka. Siku ile Zakaria hakutengeneza simu nyingine. Alijichukia, na uchovu ukamzidi.

Barazani watu walikaa pande mbili kama kawaida, wa ng'ombe huku, wa jembe kule, chifu katikati na meza yake. Mkebe uliletwa pamoja na kipande cha mkoma wake, maana waya ulikuwa umeshika ganda. Mzee Wario alizungumza kwa Kiswahili chake cha machungani. Bikoni hii hapa. Simu imeiona yenyewe. Mtoto wangu atasoma. Akakaa, akamwonyesha Zakaria kwa fimbo.

Zakaria alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yalimtoka kichwani kwa mkupuo. Akauchukua mkebe, akakwanyua mfuniko, akamwaga vilivyomo juu ya meza ya chifu: gari dogo la plastiki, kishikizo cha funguo, kalamu ya risasi, gololi, karatasi yenye majina ya wageni.

"Si bikoni," alisema. "Ni wangu. Niliuweka mimi. Ni mchezo."

Chifu aliliinua lile gari la plastiki, akalizungusha magurudumu kwa kidole. Alimtaka aeleze, na Zakaria akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona anapungua. Mtu mzima, mwenye ndevu na binti wa kuolewa, anatembea juani kuficha gololi ili mtu wa mbali aje kuitafuta. Kicheko kilianza nyuma kwa vijana, kikaja mbele. Angeshukuru kama mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini mkulima mmoja alisimama akasema hayo ndiyo waliyokuwa wakiyasema siku zote. Muorma ameficha alama ya Muorma tangu zamani, ikisubiri siku yake, na leo siku imefika. Wenzake wakaitikia. Kwa hiyo ukweli wa Zakaria uliwaponyoka Waorma na kuwawasha Wapokomo, yeye akabaki katikati na mfuniko mkononi.

Mzee Wario alimsogelea, akamuuliza kwa Kiorma, polepole, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Wamekulisha nini, mwanangu?"

Zakaria akasema hajalishwa kitu. Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa tayari kuamini rushwa, hata uchawi. Gololi hakuiweza.

Chifu aliona jua linapanda na watu wanapandisha hasira, akakata maneno. Mkebe uondoke. Wazee na wenye mashamba waende sasa hivi, kwa miguu, waonyeshe njia ilipopita kwa kumbukumbu zao wenyewe. Itakapoonyeshwa na kukubaliwa, hapo ndipo pataachwa wazi.

Wakaenda. Mzee Wario alitangulia, fimbo mabegani, mwendo wa mtu aendaye kwake. Kwa hatua za kwanza alikuwa akisema: hapa tuligeuka, pale palikuwa na mkuyu ulioinama, chini yake kivuko. Kisha akaacha kusema. Mkuyu haukuwepo. Kona ya mto aliyoitafuta haikuwepo pia, mto ulikuwa umejinyoosha na kuhamia kwingine, na mahali alipotarajia maji palikuwa na mahindi. Akageuka kushoto, akasimama. Akarudi. Zakaria alimwona mzee yule, aliyechunga bonde lile tangu utotoni, akitazama huku na huku kwa macho ya mgeni, na moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma barazani. Miaka yote hiyo alikuwa akiweka namba kwenye mikebe. Mahali ukoo wake uliponywea maji hakuwahi kupawekea hata moja.

Mwisho mzee aliinyoosha fimbo, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hakika.

"Ni hapa."

Alikuwa akionyesha shamba la Dhadho, mzee mwingine wa Kipokomo, asiyesikia vizuri, ambaye hata barazani hakuja. Hakuna aliyebisha. Waorma walitaka njia, popote. Wakulima waliokuwepo, mashamba yao yalikuwa salama. Chifu alimwita mtu wa kukata vigingi. Zakaria alimtazama Dinah. Migomba yake ilikuwa imenusurika, ilimtosha anyamaze tu. Alikuwa amelishika pindo la leso yake analikunjakunja, anatazama chini.

"Mzee, umepotea," Dinah alisema.

Akawapita wote, akaingia katikati ya migomba yake, akasimama mahali ambapo kwa macho ya mtu mwingine hapakuwa na tofauti yoyote.

"Njia ni hapa. Nilikuwa msichana, nawauzia wachungaji wenu ndizi hapa hapa, wananipa maziwa. Mkuyu ulikuwa pale, mto umeuchukua pamoja na shamba langu." Alimwelekeza Zakaria kwa kidevu. "Huyu amechekwa na watu kwa sababu yangu. Mimi nitanyamazaje, Dhadho aondolewe?"

Mzee Wario alimsogelea, akatazama kule alikoonyesha, akatazama udongo, na taratibu akaanza kuitikia kwa kichwa. Alikuwa amepajua. Alitamka jina la ng'ombe fulani wa baba yake, peke yake, kwa sauti ya chini. Aliyekuja na vigingi alisimama akingoja aambiwe aanzie wapi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwambia.

Dinah aliushika mgomba mmoja kama mtu anayemshika mtoto bega.

"Haya, nimesema," alisema. "Sasa mimi nipande wapi?"

Chifu alishughulika na simu yake. Wakulima walitazamana. Mzee Wario alimgeukia Zakaria, kana kwamba mtu aliyezoea kutafuta vitu atakuwa analijua na hilo, na wengine nao wakamgeukia, wakingoja. Zakaria aliingia kwenye migomba, akasimama kando ya Dinah.