Jino Nililolifunga kwa Uzi

Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu una ladha ya mafuta ya taa, na ukikaa mdomoni siku nzima huanza kunuka samaki hata kama haujawahi kumgusa samaki. Najua, kwa sababu niliufunga mdomoni mwangu nikiwa na miaka saba, hapa Nchelenge, katika miaka ya sabini, majuma ambayo upepo wa Ziwa Mweru ulikuwa haueleweki na wanaume walirudi kutoka kambi za kisiwa cha Chisenga siku mbili baada ya siku waliyoahidi. Jino langu la mbele lilikuwa linacheza. Nililifunga kwa jirani yake lisidondoke, kwa kuwa baba alikuwa majini.

Meno yangu ya juu yalikuwa yametangulia kuota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo Wabemba humwita chinkula, na watu wa pwani wanamjua kama kigego. Zamani hakulelewa. Siku zangu alilelewa, ila kwa jicho la pembeni, maana ilisemwa kwamba kila jino la utoto linalomtoka huondoka na mtu wa nyumbani. Mama yangu alitoka ng'ambo, Kongo, kuja kuuza vitenge na kununua samaki, akaishia kuolewa na baba. Alificha habari za meno yangu mpaka dada yake baba, niliyemwita Mayosenge kama tunavyowaita mashangazi upande huu, alipomwambia wazi kwamba ameyaona tangu nikiwa mgongoni. Jino la kwanza lilipong'oka, babu akafa. Babu alikuwa akikohoa tangu sijazaliwa, lakini nani angemsikiliza mtoto? Mayosenge aliimba kwaya, kwa sauti ya kukufanya utubu. Jumapili alimwimbia Mungu na Jumatatu alikagua mdomo wangu. Sisemi hivyo kumdhihaki. Au tuseme namdhihaki kidogo, na Mungu ananijua.

Kwa siku nne nilikunywa uji na mchuzi tu. Sikucheka, sikukimbia, na usiku nililala chali nimebana midomo. Siku ya tano nilikuwa naanua chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani, vumbi lao likanipanda puani nikapiga chafya. Jino likaenda na uzi wake. Nilipiga magoti nikalitafuta kati ya maelfu ya samaki weupe, nikilia bila kutoa sauti, nikidhani nikilipata na kulirudisha upesi haitahesabika. Sikulipata. Kesho yake jioni walikuja watu wawili kumwambia mama kwamba mtumbwi wa baba umepinduka.

Msibani, Mayosenge alikuwa akigaragara chini kwa uchungu wa kweli. Alimpenda kaka yake. Kisha akainuka, akanishika taya mbele ya waombolezaji wote na kunifungua mdomo kwa vidole viwili. "Tazameni," alisema kwa Kibemba, "kaka yangu amepitia hapa." Watu wakainama kuchungulia. Vidole vyake viliniumiza, lakini wale watu kuinama ndiko kulikonivunja. Mama alinivuta kwake. "Huyu mutoto haiko mulozi," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Maji njo ilikamata bwana yangu. Miye njo nilimuzala, ninamujua." Baada ya mazishi tulivuka ziwa kwenda Kilwa ya Kongo, kwa ndugu zake, na furushi moja.

Huko nilikua nikicheka na kiganja mdomoni. Kila jino lililofuata lilipolegea nililala macho nikisikiliza mama anavyopumua. Yalitoka yote na mama hakufa, lakini hilo halikunituliza hata kidogo. Niliona tu kwamba nimekwisha kuua na sasa nimeshiba.

Kanisa la mama lilibatiza kwa kuzamisha, ziwani, katika maji yaleyale. Mara mbili nilitoroka mstarini. Mara ya tatu nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama amenishika mkono. Kila mmoja wetu alipaswa kumtajia mzee wa kanisa dhambi moja kabla ya kuzamishwa. Mzee huyo alikuwa mvuvi, amesimama maji yakimfika kiunoni. Nilimwambia kwamba nilimuua baba yangu kwa jino.

"Siku ile nilikuwa ku Chisenga," alisema. "Mupepo ilikuya, siye wote tukakimbia. Baba yako alibakia kuvuta nyavu yake. Tulimuita, akakatala. Ile zambi haiko yako, mutoto. Leta yenye iko yako."

Sikuwa nimejiandaa na nyingine. Kisha likanitoka: "Ninamuchukia Mayosenge."

"Ile njo yako," alisema, na akanizamisha.

Nilitoka majini mwepesi, lakini upande mmoja tu. Ule mwingine ulinichukua miaka mingi, nikisali, nikichoka kusali, nikirudia. Nilikuwa mtu mzima niliporudi Nchelenge, nimebeba msamaha wangu kama mgeni anayebeba kuku, nikitarajia kupokewa. Mayosenge aliponiona alivuta wajukuu wake nyuma ya kitenge chake. Alikuwa ananiogopa. Hilo halikuwahi kunipitia akilini hata siku moja, kwamba miaka yote hiyo ya hasira yangu yeye alikuwa akingoja nirudi kummaliza. Nilimwambia nimemsamehe, naye akaitikia kwa heshima, kama mtu anayemjibu askari. Chakula nilichopika hakukigusa.

Nikahamia jirani naye. Leo kuna lami, na vijana wanasema mambo ya chinkula yamekwisha, ingawa nimewaona akina mama wakichungulia fizi za watoto wao kwa siri. Mimi bado sijatulia. Upepo ukivuma naweza kumchukia tena kuanzia asubuhi, na inabidi nimpeleke tena mbele ya Mungu kabla chai haijapoa. Yeye amezeeka sana na haombi radhi. Lakini mwezi uliopita nilikuwa nimeketi mlangoni pake, akaniwekea kitukuu chake mapajani. "Mushike," alisema, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, akashika fimbo na kwenda polepole hadi nyuma ya nyumba. Hakugeuka kuangalia.